Transfo ya Mzee Jovithe

Mimi mtu akinichokoza, mdomo unatangulia, akili inafuata nyuma ikihema. Eda yangu ilipokwisha nilifungua tena kibanda cha ufundi cha marehemu mume wangu, Mohamadi, hapa mtaani Buyenzi, nikaanza kupokea redio na pasi za watu. Miaka yote ya ndoa yetu nilikaa ubavuni mwake nikimshikia tochi, na macho yangu yalikuwa yanaangalia pale pale ilipomulika. Lakini shemeji yangu Ilyasi, mdogo wake Mohamadi, alikuwa ameshakipigia hesabu kile kibanda. Alitaka kuuzia humo makava ya simu.

Akaja na wazee wawili wa familia.

"Shemeji, hii kazi si ya mwanamuke," akasema. "We unatengeneza pasi. Pasi hata mutoto anatengeneza."

"Basi niletee unachotaka wewe!"

Akacheka. "Kinanda ya muzee Jovithe. Ukiiwasha, mi sitasema tena juu ya hiki kibanda. Ikikushinda, Ijumaa nyuma ya sala unanipa ufunguo."

"Sawa!" nikasema, kabla sijafikiri. Wazee wakatikisa vichwa, na neno likawa limepita. Mwanamke mwenye akili angeuliza kwanza hicho kinanda kina ugonjwa gani.

Mafundi wote wa mjini walikuwa wanaujua. Jovithe ni mzee wa mtaa wa Kamenge aliyepiga muziki kwenye harusi za mji huu tangu mimi msichana. Kinanda chake ni cha umeme, cha zamani, sentetiza kama wanavyosema wanamuziki, kizito kama gunia la mchele, na kilikuwa bubu tangu mwaka juzi. Watu walimletea vinanda vipya vya plastiki. Alivipiga wimbo mmoja mmoja, akavirudisha. Hiki alikileta kwangu mwenyewe kwa teksi, amekifunika shuka.

"Mama, usinidanganye," aliniambia. "Kama haiwezekane, sema haiwezekane. Nimechoka kungoya."

Nikafungua, na taabu yenyewe nikaiona mara moja. Fyuzi ilikuwa imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Ninyi mnaofanya hivyo, Mungu anawaona! Fyuzi ikiungua imekupa habari; wewe unaifunga karatasi ili umeme upite bila mlinzi. Hapa ulipita ukaunguza transfo, kile kipande cha chuma na waya kinachopokea umeme wa ukutani na kuupunguza ili usiue vitu vidogo vilivyomo ndani. Mafundi wenzangu walitafuta transfo nyingine ya namna ile, wakakosa, wakarudisha kinanda. Mimi nilijua hakuna pa kuipata. Ilibidi niisuke upya.

Kusuka transfo si uchawi. Unafungua waya ulioungua, mzunguko kwa mzunguko, huku unahesabu, kisha unasuka waya mpya kwa mizunguko ile ile. Ukipunguza mizunguko ya waya huu unaopokea umeme wa ukutani, umeme unaotoka unazidi na kukimaliza kinanda kabisa. Twahiru, jirani yangu anayesuka mota za pampu, alinipa waya na kuniombea dua. Kilichobaki kilikuwa kuhesabu tu.

Sasa jaribu kuhesabu Buyenzi! Kibanda kinatazama barabara. Nafika mia na kitu, mtu anapita: "Assalam aleikum, Mama Fadhila!" Mimi Mwislamu, salamu lazima niijibu. Najibu. "Watoto wazima? Na mama yako? Na ule muguu wake?" Nikirudi kwenye waya, hesabu imeshakwenda. Bahati, waya uliotoka nilikuwa nauzungushia kwenye chupa, kwa hiyo niliweza kuurudia kutoka mwanzo. Nikaanza tena, akapita jirani Mkristo: "Mwaramutse, mama!" Huyo naye utamnyamazia? Nilifunga mlango, wakagonga wakidhani naumwa. Nililia kwa hasira, machozi kabisa, maana Ijumaa ilikuwa inakuja na kibanda cha mume wangu kilikuwa kinanitoka mikononi kwa sababu ya salamu.

Machozi niliyaosha kwa udhu, nikaenda kusali adhuhuri. Nikiwa bado kwenye mswala, tasbihi mkononi, binti yangu Fadhila akaingia kuniuliza kitu, akaona midomo yangu inacheza, akatoka kimyakimya. Nikabaki nimekodoa macho. Hakuna mtu katika mtaa huu anayemkatisha mwenzake dhikri!

Nikarudi kibandani na tasbihi. Kila mzunguko wa waya, punje moja na Subhanallah moja, kwa sauti ya kusikika. Watu walifika, wakaona, wakaweka mkono kifuani, wakapita. Mmoja alimkemea hata mwenye pikipiki aache honi. Punje zote zikiisha, napiga alama ya chaki mezani, naanza upya. Nilifungua waya wote wa zamani, nikasuka wote mpya, na hesabu haikuniponyoka tena.

Ilyasi akagundua. Alisimama mlangoni, akapaza sauti ili barabara nzima isikie.

"Angalieni! Anachezea dini juu ya kinanda ya harusi!"

"Shemeji," nikamjibu bila kuacha waya, "mi kila nikizungusha nimemutaja Mungu. We toka asubuhi umemutaja mara ngapi?"

Wauza mandazi wa kando ya barabara walicheka mpaka akaondoka.

Akalipiza kwa kutangaza kila mahali kwamba Ijumaa watu waje wajionee. Wakaja! Waliotoka msikitini walijaa barabarani, wale wazee wawili wakiwa mbele, na mzee Jovithe ameketi kwenye kiti, mikono ameibana katikati ya magoti. Nilikuwa nimeweka fyuzi ya kweli na kubadilisha kondensa zilizovimba, vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme ndani ya kifaa. Kwetu mafundi, kifaa kilichotoka kufunguliwa hakichomekwi ukutani moja kwa moja. Umeme unapitishwa kwanza kwenye balbu ya kizamani. Balbu ikiwaka sana na kubaki hivyo, ndani kuna waya zimegusana. Ikififia, pumua. Niliwaeleza watu wote hayo mapema, maana sikutaka ubishi baadaye.

Nikasema Bismillahi. Nikachomeka.

Balbu ikawaka paa! Nyeupe. Watu wakapiga kelele. Ilyasi hakungoja, aliipa balbu mgongo, akawageukia watu, akainua mikono.

"Mumeona? Mumeona wenyewe? Mi nilisema! Hii kazi apana ya..."

Nyuma yake balbu ikaanza kushuka. Kondensa zilikuwa zinajaza tumbo tu, na ziliposhiba mwanga ukawa wa njano, ukawa mwekundu, ukabaki uzi mmoja mwembamba ndani ya kioo. Watu waliona yote. Yeye aliona meno yao tu, akadhani wananicheka mimi, akazidi kupaza sauti. Twahiru ndiye aliyemshika mabega na kumgeuza polepole.

Nikaondoa balbu, nikachomeka kinanda ukutani, nikakiunga kwenye spika. Taa yake ndogo ikawaka. Mzee Jovithe akasogea, akabonyeza kwa kidole kimoja. Sauti ikatoka imepinda, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini, na mimi nikarukia waya niuchomoe.

"Tulia, mama," akasema. "Iko vile. Inataka kupata moto kidogo."

Akabonyeza tena, na tena, na sauti ikajinyoosha. Kisha akaweka mikono yote miwili. Wauza mandazi wakapasua vigelegele, na watu wazima waliotoka kusali wakaanza kutikisa mabega wakijifanya hawachezi. Mzee alikuwa analia huku anapiga. Mimi pia nililia, kwa sababu Mohamadi angefurahi mno kusikia, na kwa sababu nilikuwa nimeshinda. Kushinda ni kutamu, jamani, mtu asikudanganye.

Wimbo ulipoisha, wazee wa familia walimtazama Ilyasi wakingoja neno lake. Alikuwa ameganda pale pale mlangoni. Nyuma yake mwanamke mmoja alikuwa ameshatua televisheni kutoka kichwani, na nyuma ya huyo alisimama mwanakwaya amekumbatia amplifaya ya kanisa.

"Shemeji," nikamwambia, nikifuta bisibisi kwa kanga, "sogea pembeni. Unazibia wateja wangu njia."