Urefu wa Baba Mdogo

Baba mdogo ni mshereheshaji wa harusi, na jina lake la kazini ni Mnara. Ukimwona jukwaani, kofia ndefu kichwani na soli za viatu nene kama tofali, huulizi kwa nini. Mimi nimekua nikimtazama kwa kuinua shingo. Basi nimonia ilipomwangusha akalazwa chumba cha wagonjwa mahututi, nami nikaingia na kukuta umbo lake chini ya shuka limeishia katikati ya kitanda, niligutuka. Nilidhani wamemkata miguu.

"Sista," nikamnong'oneza nesi, "kilichobaki mmekiweka wapi?"

"Kilichobaki cha nini?"

Mama mdogo, mkewe, akanifinya mkono hadi nikaona nyota mchana. "Hebu nyamaza na mdomo wako huo!"

Mgonjwa alikuwa amelazwa usingizi kwa dawa, mpira kooni, mashine ikimsukumia pumzi moja moja. Pembeni kulikuwa na skrini ya programu inayoichunga mashine. Kazi yake ni kufuatilia presha ya hewa kifuani, na pumzi zikizidi uwezo wa mapafu, inapiga kelele kabla hayajaumia. Mkono wangu haujapoa, ikapiga kelele.

Nesi akakimbilia kitandani. Daktari akaja nyuma yake, akasoma skrini, akakunja uso.

"Inasema pumzi ni kubwa mno kwa mapafu haya. Kwa mtu wa futi sita? Mbona hiki ni kiwango chake kabisa."

"Inataka apimwe urefu upya," nesi akasema. "Huu tulioandika ni wa mdomo. Aliletwa hoi, tukamuuliza mkewe."

Sote tukamgeukia mama mdogo.

"Futi sita," akasema. "Kasoro unywele."

"Lakini dokta," nikadakia, "urefu na mapafu wapi na wapi? Si mngempima hicho kitambi?"

"Kitambi hakipumui, kijana. Mapafu hufuata mifupa. Mtu mfupi ukimpa pumzi za mtu mrefu, unamjeruhi kwa ndani."

Mama mdogo akaziba mdomo kwa kiganja. Nesi akachomoa utepe wa kupimia, akashika ncha ya shuka. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikukitarajia kwa mwanamke mpole kama yule: aliruka akasimama mbele ya kitanda, mikono ameitandaza kama golikipa.

"Msimpime! Si mbele ya huyu!" Huyu ndiye mimi. "Huyu ana mdomo kama redio. Kabla jua halijazama, mji mzima utajua! Mume wangu atasimama vipi tena mbele ya watu?"

"Mama," nesi akasema taratibu, "kwanza apone ndiyo asimame."

Kelele ya skrini haikukoma. Mama mdogo akamtazama mumewe, akanitazama mimi, mikono ikashuka.

"Futi tano na inchi tatu," akasema kwa sauti ndogo. "Hata mimi alinificha. Nilijua baada ya ndoa, siku alipovua viatu."

Nesi akapima vilevile, kisigino hadi utosini.

"Futi tano na inchi moja."

"Ati nini?" Mama mdogo akashika ukuta. "Mwongo mkubwa! Hata mimi kaniongezea inchi mbili!"

Daktari hakusubiri ugomvi wa ndoa. Akaandika urefu mpya, akapunguza pumzi, akakaza macho kwenye skrini. Presha ikashuka kidogo, ikashuka tena. Kelele ikakatika.

"Ameumia?" mama mdogo akauliza.

"Sijui bado. Tungechelewa, angeumia zaidi."

Mama mdogo akajikokota hadi kwenye kiti, akanielekezea kidole. "Haya, cheka basi. Si ulikuwa unasubiri?"

Sikuweza. Nilikuwa nakitazama kifua cha baba mdogo, sasa kinapanda kidogo tu na kushuka. Nilipoingia kilikuwa kinavimba kwelikweli, nami nikajisemea moyoni: afadhali, mzee anapumua vizuri.