Jini Aliyeogopa Kandambili

Mtu wa kwanza kusema kuna jini kwenye friji yetu alikuwa jirani yetu Shamsia, aliyedai imempiga mkono, nami nilimcheka waziwazi. Wa pili alikuwa Bi Mize, mama yake Feisal, na huyo hakuwa wa kuchekwa, kwa sababu dada yangu Batuli alikuwa aolewe na mwanawe baada ya wiki tano.

Bi Mize alitoka kwao Kiwangwa Jumamosi moja asubuhi na mananasi sita kapuni, akaja kwetu Kerege kuzungumza na mama mambo ya harusi. Akavua viatu mlangoni kama afanyavyo mgeni yeyote mwenye adabu. Adhuhuri akatawadha uani, na alipoinuka akaona mananasi yake bado yako juani. Akayabeba kwenda jikoni. Mama akamwambia aache, mgeni hafanyi kazi, naye akajibu kwamba ugeni umeshakwisha, sasa wao ni wazazi wenza. Miguu yake ilikuwa bado inachuruzika maji. Aliposhika mlango wa friji, akarushwa nyuma hadi kwenye pipa la maji, na nanasi moja likabingirika mpaka uani.

Hakupiga kelele. Alikaa chini, akashika kiwiko, akasoma alichojua kusoma, kisha akauliza tunaishije na kitu kile. Mama akamjibu ukweli, kwamba tangu friji iingie, mwaka wa pili sasa, hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuguswa na chochote. Huo ukweli ndio uliotuponza. Kwa Bi Mize, kitu kinachowaacha wenye nyumba na kupiga wageni peke yao hakihitaji maelezo marefu. Kimefugwa.

Jumatatu akaja mshenga na maneno mawili. Ama tumwite mganga fulani wa Makurunge amtoe huyo jini, ama posa ihesabiwe haikuwapo. Bi Mize angekuja mwenyewe Jumapili kusikia jibu.

Baba akasema hapigiwi ngoma kwa ajili ya friji. Mama akasema, kwa sauti ya chini, kwamba ngoma ni ya siku moja lakini jina baya litamfuata binti mpaka uzeeni. Batuli alikuwa akiosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Mimi na yeye tunalala kitanda kimoja na najua jinsi anavyompenda Feisal, basi nilimwonea huruma mpaka nikamkasirikia. Nilitaka agombe, atupe sahani, afanye lolote.

Niseme pia kwamba Bi Mize si mjinga, maana mtu asimdharau bure. Kule Kiwangwa ana kisima chenye pampu ya umeme, aliyoifunga Feisal kwa mikono yake. Siku ya posa alimsifia mwanawe kwa pampu hiyo tangu alasiri hadi magharibi. Lakini mwaka jana mbuzi wake wawili walikufa kando ya kisima hicho, siku mbalimbali, bila jeraha wala ugonjwa. Tangu hapo wakajua mahali pale pana mwenyewe, na hakuna anayekwenda bila kusoma dua. Kwa hiyo alipopigwa jikoni kwetu, aliona anakutana na kitu anachokijua.

Mimi naitwa Mwanaasha, niko kidato cha pili, na ndimi fundi wa nyumba yetu. Sijisifu, nasema lililopo. Redio ikikatika sauti naitwa mimi. Taa ya uani niliifunga mimi. Baba ni mtu wa mihogo na mikorosho, akiona waya anaupisha. Hata friji yenyewe, ilipoletwa kutoka Dar ikiwa imeshatumika, na plagi yake imepasuka, ni mimi niliyeipatia plagi nyingine ikawaka siku ileile. Baba alinipa soda mbele ya watu. Basi wiki ile nzima niliikagua friji kila upande, huku nimevaa kandambili zangu, nikaishika mlango, mgongo na miguu, na haikunifanya kitu. Nikaanza kudhani Bi Mize ana lake jambo.

Alhamisi tukawa na kipindi cha Madamu Eufrazia. Huyu ni mwalimu wetu wa sayansi, mwenyeji wa bara, mfupi, na hana subira na mtu anayekariri. Alichora atomu ya shaba ubaoni, kiini katikati chenye protoni ishirini na tisa, na elektroni ishirini na tisa zimekizunguka kwa tabaka. Mbili, nane, kumi na nane, kisha moja peke yake kule nje. Akatuuliza tumwonee huruma nani. Hiyo moja, alisema, imekaa mbali na kiini, haishikwi sawasawa, ni kama mtu aliyekosa nafasi kwenye sinia akabaki anazunguka ukumbini. Katika waya wa shaba wako wengi wa namna hiyo, wanahama kutoka atomu hadi atomu, na ukiwasukuma upande mmoja umepata umeme. Mpira hauna hao wazururaji. Elektroni zake zimeshikwa kila moja mahali pake, kwa hiyo umeme haupati njia.

Nikauliza kuhusu maji. Akasema maji matupu hayapitishi kitu cha maana, kinachopitisha ni kilichoyeyuka ndani yake. Chumvi, kwa mfano. Sodiamu imetoa elektroni yake moja, klorini imeipokea, mmoja amebaki na chaji chanya na mwingine hasi, na wakiingia majini wanaachana na kutembea huku kila mmoja amebeba chaji yake. Nikafikiria maji ya kisima chetu, ambayo ukinywa chai yake huhitaji kuambiwa kwamba yana chumvi. Nikafikiria miguu ya Bi Mize inayochuruzika juu ya saruji.

Kisha nikafikiria miguu yetu sisi. Mama ana sheria moja kali kuliko zote, kwamba mtu asikanyage jikoni kwake bila kandambili, kwa kuwa anaamini baridi ya saruji ndiyo iliyomharibu bibi magoti. Sote tunavaa, hata baba. Mgeni ndiye anayeingia miguu mitupu, kwa heshima. Wageni wote waliopigwa walipigwa kwa sababu ya adabu zao. Nilifurahi mno kwa ugunduzi huo, karibu ninyooshe mkono kuutangaza.

Bahati nzuri sikunyoosha, kwa maana hapo ndipo Madamu alipotoa plagi mfukoni na kuipitisha darasani. Miguu mitatu. Akasema huu wa juu ni mrefu kuliko wenzake ili uingie wa kwanza na utoke wa mwisho. Waya wake, wa kijani na njano, hauleti umeme. Unaunganisha bati la chombo na chuma kilichozikwa ardhini nje ya nyumba, ili umeme ukivuja ndani ya chombo upite huko, usingoje mkono wa mtu. Akauliza ni wangapi kwao wanaingiza plagi ya miguu miwili kwa kutumbukiza kifuniko cha kalamu kwenye tundu la juu. Darasa zima likacheka na mikono ikainuka.

Wangu haukuinuka. Nilikuwa nimeshika plagi ile na masikio yananiwaka moto. Plagi niliyoipatia friji yetu niliitoa kwenye redio mbovu, nayo ilikuwa na miguu miwili. Nyaya za friji zilikuwa tatu. Ule wa kijani na njano niliona hauna mahali pa kukaa, nikaukata, nikauzungushia utepe, na tundu la juu la soketi nikalifungua kwa kifuniko cha kalamu ya bluu. Nikanywa soda.

Nilirudi nyumbani kwa miguu ili nipate kufikiri, na sikuyapenda niliyoyafikiri. Ningeweza kubadilisha plagi kimyakimya na kunyamaza. Lakini Bi Mize angesema jini amejificha, na Batuli angeingia Kiwangwa na jina la mtu aliyetoka nyumba ya majini. Kila mtoto wake akiugua, wangekumbuka friji yetu. Hapakuwa na njia ya kumsafisha dada yangu bila ya mimi kujichafua.

Usiku huo nilimwambia Batuli. Akanifinya paja kwa nguvu zake zote, na hapo nikajua tumepatana.

Ijumaa nilimwambia baba. Hakunifokea, alikwenda kununua plagi ya miguu mitatu na testa, ile bisibisi yenye kijitaa kinachowaka ikigusa umeme, na hilo liliniuma zaidi. Jumamosi tukazima umeme wote, nikaenda nyuma ya nyumba kilipozikwa kile chuma. Waya wa shaba ulikuwepo, lakini kwenye kifungo kinachoushikiza kwenye chuma umeota kutu ya kijani kwa hewa ya chumvi. Nikaukwangua na kuusugua kwa ndimu, kama bibi alivyokuwa akisugua vyombo vyake vya shaba, asidi ikala ule ukijani mpaka chuma kikagusana na chuma. Nikakaza kifungo. Jikoni sikugusa kitu, nilitaka Bi Mize aone mwenyewe.

Jumapili alikuja na Feisal. Wakavua viatu. Nikawapa shikamoo, kisha nikawapa kandambili, na Bi Mize akazitazama kama nimempa kitu cha kula asichokijua. Akazivaa kwa ajili ya mama. Tukasimama jikoni sote, baba mlangoni, Batuli nyuma yake.

Nikagusa mlango wa friji kwa testa. Kijitaa kikawaka chekundu. Nikawaeleza kwamba umeme umevuja ndani, labda kwa unyevu, nao umekaa kwenye bati hauna pa kwenda. Nikachomoa, nikafunga plagi mpya kwa nyaya tatu mbele yao, bila kuharakisha, ili kila mtu aone waya gani unakwenda wapi. Nikachomeka. Nikagusa tena kwa testa. Giza.

"Na nani kasema jini hawezi kuwasha hicho kijitaa?" akauliza Bi Mize.

Nilivua kandambili, nikajimwagia kata ya maji miguuni, nikashika mlango wa friji kwa mkono mzima. Niliogopa, nakiri. Ubaridi wa saruji ukanipanda, na zaidi ya ubaridi hakikupanda kitu.

"Wewe ni wa nyumba hii," akasema, wala hakusema kwa ubaya. "Anakujua."

"Hajawahi kunijua, Bi Mize. Hakuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kuigusa friji hii bila mpira miguuni kabla ya leo. Sheria ya mama. Mnaopigwa ni nyinyi mnaovua viatu. Na huyo jini aliletwa na mimi. Waya wa kuwalinda ulikuwepo, nikaukata mimi kwa ujuaji wangu, nikasifiwa. Batuli hana kosa, wala mama. Kama kuna mtu wa kutolewa nyumba hii kwa ngoma, ni mimi."

Mama alijifunika mdomo kwa kanga. Alikuwa hajaambiwa.

Bi Mize akavua kandambili moja, akavua ya pili, akaziweka pamoja ukutani. Akachukua kata, akajimwagia maji miguu yote miwili kama mtu anayetawadha. Feisal akasogea kumshika, naye akamzuia kwa kiganja. Akasoma, akanyoosha mkono uleule wa siku ile, na akaukamata mlango wa friji.

Tulisikia friji ikinguruma. Alikaa hivyo mpaka nikaanza kuhesabu pumzi zake. Kisha akaufungua mlango, akachungulia ndani, akatoa bakuli la mananasi yake tuliyoyakata, akamkabidhi Batuli.

"Wakatie wageni vidogo," akamwambia. "Haya makubwa mno."

Batuli akapokea, machozi yanamdondoka kwenye bakuli. Mimi nilitaka kucheka na kulia, nikaona bora niokote vile vipande vya nyaya sakafuni. Kifuniko cha kalamu ya bluu kilikuwa hapo, Bi Mize akakiokota kabla yangu. Akakigeuzageuza.

"Huo waya wako wa kijani na njano," akasema polepole. "Kwenye pampu ya kisima nao huwepo?"

Nikasema huwepo, na kule ndiko unakohitajika zaidi, kwa kuwa pana maji siku zote.

"Na mbuzi havai kandambili."

"Havai, Bi Mize."

Akamgeukia mwanawe. Feisal, fundi aliyesifiwa tangu alasiri hadi magharibi, alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Akasema kwamba waya huo ulikuwepo, ila aliona hauna kazi, akaukata. Alisema kwa sauti ndogo kiasi kwamba nilimpenda shemeji yangu papo hapo. Nilimjua barabara, tulikuwa tumefanya kosa lilelile.

Nadhani Bi Mize alikuwa anawafikiria mbuzi wake, na wajukuu wanaochezea pale kisimani. Mkono wake ulikuwa umekamata ukingo wa meza. Kisha akafunga ushungi wake vizuri, akaniambia nichukue testa yangu, na baba akiruhusu tuondoke sasa hivi, tuwahi kabla watoto hawajaenda kuchota maji ya jioni. Mambo ya harusi, akamwambia mama, tutayamaliza tukirudi.

Nikakimbilia mlangoni kutafuta viatu. Akaniita nirudi.

"Kandambili," akasema. "Uvae kandambili."