Nguo ya Sanduku la Umeme

Kaka yangu alipoleta lile sanduku la umeme, betri kubwa ya kuhifadhi umeme, mama alilipokea kama mtu anayempokea mkwe. Alilifuta vumbi ambalo halikuwepo, akaliweka kwenye stuli kando ya kitanda cha baba, kisha akatafuta sindano yake ya kufumia. Vidole vya mama vina baridi yabisi. Hata kifuniko cha chupa namfungulia mimi. Lakini alikaa pale siku nenda siku rudi, akafuma kitambaa cha uzi wa buluu chenye maua pembezoni, akalivika sanduku mpaka chini. Aliacha tundu moja tu, la kioo kinachoonyesha chaji.

Nyumbani kwetu kila kitu cha thamani kina nguo. Redio ina nguo, friji ina nguo, na nilipokuwa shule madaftari yangu yalivaa vizuri kuliko mimi. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa.

Baba alikuwa mchomeleaji wa mageti na madirisha tangu ujana wake, na moshi wa kazi ile ukamla mapafu. Sasa anapumua kwa mashine ya oksijeni, mpira mwembamba puani mchana na usiku. Mashine inataka umeme, na umeme wa mtaa wetu unakatika utakavyo. Sanduku ndilo la kumvusha. Ukikatika, mama anachomeka mashine kwenye sanduku, baba anaendelea kupumua. Mwanzoni lilimtosha kutwa nzima.

Wiki iliyopita umeme ulikatika asubuhi, baada ya chai. Kioo kikaonyesha sanduku limejaa. Mimi sikuwa na wasiwasi, nikarudi ukumbini kwenye cherehani yangu. Sijamaliza kushona hata mkono mmoja wa gauni, nikasikia sanduku linalia. Chaji ilishuka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka, mara likazima. Sitaki kuusimulia uso wa baba. Jirani alitoa gari, tukambeba juujuu, mama pekupeku, mpaka zahanati, wakamwekea hewa ya huko. Tulimrudisha jioni, umeme uliporudi.

Kesho yake nikamwita fundi, yule ambaye mtaa mzima unamwita Fyuzi kwa sababu hachelewi kuungua kwa hasira. Mama alikuwa ametoka kwenda duka la dawa. Fyuzi akaweka kiganja juu ya kitambaa, akakiondoa upesi.

"Nani amelivisha blanketi?"

"Mama," nikasema.

Siku hiyo hakuungua. Alikivua kitambaa taratibu, akanionyesha matundu ubavuni mwa sanduku na feni ndogo nyuma yake, imejaa manyoya ya uzi wa buluu. "Hapa ndipo linapotolea joto, na ndipo mlipoziba. Halafu mmeliacha limechomekwa ukutani, limejaa pomoni, mchana na usiku. Betri ya namna hii haitaki joto, na haitaki kukaa imejaa wakati wote. Lingewavusha miaka. Sasa limezeeka kabla ya wakati wake."

"Linatengenezeka?"

"Betri hairudi ujana, dada. Tafuteni lingine. Na hilo lingine liacheni lipate hewa. Mkilichaji, msilijaze mpaka mwisho, na mara mojamoja lifanyisheni kazi hata kama umeme upo."

Damu ikanichemka. Nikasema mama akirudi tu, atanisikia. Baba akaniita kwa kidole. Maneno yake huja mafupi mafupi, kwa ajili ya pumzi.

"Usimwambie."

"Baba! Hiki kitambaa nusura kikuue!"

"Najua. Nimejua zamani."

Nikamuuliza alijuaje. Akaniambia kwamba mama akitoka chumbani, yeye alikuwa anapenyeza mkono chini ya kitambaa, na mkono wa mchomeleaji hauwezi kudanganywa kuhusu joto. Sanduku lilikuwa linazidi kupata moto. Wakati mwingine alikipandisha kidogo, mama akirudi anakishusha na kukinyoosha.

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Alikaa hapa." Akagusa ukingo wa kitanda. "Vidole vinamuuma. Anafuma. Ananipa stori." Akavuta hewa. "Sema limeharibika. Basi."

Fyuzi akajifanya anatafuta bisibisi kwenye mkoba. Mimi nilikuwa na hasira mpaka machozi yakanitoka. Nilimpenda mzee wangu na nilitaka kumtikisa. Nikisema limeharibika, kaka atajinyima alete lingine, na mama atalifumia nguo nyingine, nzuri kuliko hii. Na siku hiyo jirani mwenye gari anaweza kuwa safarini.

Mama akaingia na mfuko wa dawa. Akamwona fundi, akakiona kitambaa sakafuni.

"Fundi amesemaje?"

Baba akanitazama. Sijawahi kuombwa kitu kwa macho namna ile.

"Mama," nikasema, na sauti yangu kubwa ambayo mtaa mzima unaijua ikatoka ndogo. "Ni kitambaa. Kililiziba sanduku, joto likaua betri. Lijalo tusilifunike."

Hakupiga kelele. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akaviangalia vidole vyake. Kisha akamgeukia baba.

"Kumbe ndiyo maana nilikuwa nakikuta kimepanda. Mimi nikamsingizia paka. Ni wewe."

Baba akaitikia kwa kichwa.

"Ulijua, ukaninyamazia."

"Sikutaka uumie."

"Nisiumie?" Hapo sauti ya mama ikapasuka. "Umelala hapo hewa inakuishia, unaogopa mimi nitanuna? Kitambaa nakifumua sasa hivi, nabaki na uzi wangu. Wewe ukiondoka, mume wangu, nitakufuma kwa uzi gani?"

Baba akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata siku zile cheche zilipomuunguza macho. Mama hakumfuta machozi. Alimweka mpira vizuri puani, akaushikilia pale kwa vidole vyake vibovu, kwa sababu kulia nako kunakula hewa.