Ndiyo Niliyoisema Kana

Nguo nyeusi nilikuwa nivuliwe Jumamosi. Kwetu mjane hajivui mwenyewe. Watu wa mumewe ndio wanaomwogesha, wanamvika kitenge kipya na kumwacha aendelee na maisha yake. Ndugu za marehemu mume wangu, Édouard, walikuwa wamekubali. Na mimi nilitaka, kama naweza kusema nilitaka kitu chochote mwaka huu. Nilichoka kulala mkekani. Nilichoka na majirani wanaoshusha sauti nikipita. Machozi sikuwa nayo. Sikulia siku ya mazishi wala baadaye, na nusu ya mji wetu wa Likasi ililizungumza jambo hilo bila kuniuliza.

Tatizo lilikuwa hija. Tulijiandikisha parokiani wawili, mimi na Édouard, ili tutimizie miaka thelathini ya ndoa huko Nchi Takatifu. Yeye alikuwa akipasua mawe ya chokaa kule Kakontwe, na alitaka kujua kama mawe ya Yerusalemu ni magumu kama yetu. Presha ikamwangusha kabla ya safari. Ndugu zake wakasema niende tu: mjane hatakiwi kutembea, lakini kusali si kutembea. Basi nikaenda na weusi wangu.

Nitasema ukweli: sikusikia kitu moyoni. Bethlehemu tulipanga foleni. Mto Yordani ni mwembamba kuliko Lufira yetu, na wenzangu walilia humo mpaka kamasi zikawatoka. Mimi nililowesha miguu, nikaifuta, nikavaa soksi. Jenny, jirani yangu niliyelala naye chumba kimoja, alikuwa akinichungulia usoni kila mahali patakatifu, kama mtu anayefunua sufuria kuangalia kama maharage yameiva.

Siku ya sita tukafika Kana, pale Yesu alipogeuza maji kuwa divai. Wenye ndoa hurudia ahadi zao hapo. Tulichanganywa na kundi la Kinshasa, na padri wao, ambaye hakutujua, ndiye aliyeshika orodha. Ilikuwa orodha ileile ya zamani. Hakuna aliyekumbuka kufuta jina. Akasoma kwa furaha, "Édouard na Émérence, miaka thelathini!"

Watu wa Likasi wakatazama sakafu. Jenny akanisukuma begani.

"Enda, mama. Baba padri anaita. Utamukatalia mbele ya batu?"

Nikaenda. Labda padri alidhani mume wangu yuko msalani. Akaniuliza kama bado namkubali Édouard kuwa mume wangu. Nikajibu ndiyo, kama mtu aliyeulizwa kama ameshakula. Akanipa cheti chenye majina yetu mawili na muhuri. Jenny akapiga picha, na kabla sijafika hotelini, picha ilikuwa imeshafika Likasi.

Jumamosi maji ya moto yalikuwa tayari kwenye beseni, uani kwa wifi yangu Angèle. Kitenge kipya kilikuwa juu ya kiti, picha ya Édouard juu ya kiti kingine. Lakini hakuna aliyenigusa. Yaya Dodo, kaka yao mkubwa, alikuwa ameshika cheti changu.

"Mama Émérence, mwaka muzima tunangoja siku ya kukufungula. Na weye unaenda kujifunga tena kule kwa Yesu?"

"Ilikuwa fote ya liste, yaya. Balisahau kufuta jina."

"Liste haikujibu," Angèle akadakia. "Weye njo ulijibu. Sasa tukikuvula leo, tutakuwa batu gani? Benye kuvunja ndoa mbele ya Mungu?"

Wakaenda pembeni wakanong'onezana, kisha Yaya Dodo akarudi na uso wa mtu aliyepata ufumbuzi.

"Haina mambo mingi. Kule ulisema ndiyo. Hapa, mbele ya picha yake, sema apana. Mara moja tu. Mungu atasikia, yeye naye atasikia. Kisha Angèle atakuogesha."

Neno moja. Nikashukuru moyoni kwamba ni rahisi hivyo, nikaitazama picha. Ilikuwa ile ya kazini, kofia imekaa upande, vumbi jeupe limejaa kwenye nyusi. Kila jioni nilikuwa nikimfuta nyusi hizo kwa kitambaa chenye maji, na kila jioni alilalamika kwamba namfanya mtoto. Nikafungua mdomo.

"Sema, mama," Angèle akasema, polepole sasa. "Maji inapoa."

"Édouard," nikasema.

Lile neno hapana halikuja. Kifua kiliniuma, kwa mara ya kwanza tangu tumzike, kiliniuma vibaya sana, na nikajua kwamba kule Kana sikudanganya.

"Yaya, unirudishie karatasi yangu," nikasema.

Akanipa. Angèle akainamia beseni, akachota maji kwa viganja na kuninawisha uso, uso tu, kwa sababu ulikuwa umelowa machozi. Kitenge kipya akakikunja, akakirudisha sandukuni.