Mnaachana au Mnachumbiana?

Kitu cha kwanza alichokiona alipoingia ofisini kwa msuluhishi wa ndoa ni kifungo. Kilikuwa kwenye shati jeupe la mumewe, nacho kilishonwa kwa uzi mweusi, tena kikavutwa mno hadi kitambaa kikajikunja. Tangu ahamie kwa shangazi yake, fundi cherehani huyu aliamini kule nyumbani yupo mwanamke mwingine. Sasa alijua mume kashona mwenyewe. Badala ya kufurahi alichanganyikiwa. Vidole vilitamani mkasi.

"Hapa si mahakamani," msuluhishi alisema, akiwamiminia maji. "Hatutafuti mshindi. Tuanze na vyombo. Cherehani?"

"Achukue yeye," mume alijibu.

"Kitanda?"

"Achukue. Mgongo unamsumbua."

"Kabati libaki kwako," fundi alinong'ona. "Nguo zako utaweka wapi?"

Shangazi, aliyemsindikiza, alipiga makofi. "Jamani, mnaachana au mnachumbiana? Nimeacha jiko langu mimi!"

Wote walicheka. Fundi naye alicheka, kisha akashangaa anacheka nini. Mtu huyu hajawahi kumpiga wala kumtukana. Watu wakiuliza anamwacha kwa lipi, atasemaje?

"Na mtoto?" msuluhishi aliuliza.

"Binti yetu atakaa kwa mama yangu," mume alisema. "Tumekubaliana."

"Mlikubaliana lini?" msuluhishi aliuliza.

"Ah, namjua huyu. Hana neno. Au siyo, mama watoto?"

Kichwa cha fundi kikaanza kutikisika chenyewe. Ndivyo kilivyotikisika mbele ya mwenye nyumba, mbele ya daktari, hata mbele ya wateja walioulizia bei ya gauni alilolishona yeye, akajibu mume.

Msuluhishi aliweka kalamu chini. "Hilo swali ni la mama huyu."

"Ana haya," mume alisema kwa upole. "Ukimuuliza hivyo hawezi. Niulize mimi."

"Ndiyo maana namuuliza yeye."

Shangazi alitaka kudakia. Msuluhishi akamnyamazisha kwa kidole. Feni ilizunguka. Fundi alimgeukia mumewe ili amsaidie, na mume alikuwa ameinamia mbele, tayari kabisa, uso umejaa huruma. Hapo akageuka, akamtazama msuluhishi. Yeye hata mtoto anayepimwa sare ya shule humuuliza anataka mfuko upande gani.

"Mtoto nakaa naye mimi."

"Nini?" mume aliuliza, kwa kuwa sauti ilitoka ndogo.

"Nakaa naye mimi. Bibi yake atakuja kumwona."

Mume alimtazama msuluhishi, akamtazama shangazi, kama mtu aliyeingia nyumba siyo. "Mbona hukuwahi kuniambia? Nimekukosea nini?"

Fundi hakujua. Wiki zote hizi alilitafuta kosa, hakuliona.

"Hujanikosea," alisema. "Nimechoka kusemewa, baba watoto. Hata kwa wema."