Chai ya Dereva

"Mama Ineza, mzigo huu umeufunga kama mtoto mchanga," alisema Salvator akipapasa kamba kwa viganja. "Hauwezi hata kupumua."

"Ndivyo ulivyonifundisha mwenyewe."

"Mimi nilikufundisha kufunga magunia ya unga. Hivi vijiti sijui hata kichwa chake kiko wapi."

Vijiti hivyo vilikuwa skii, jozi kwa jozi, nyembamba na ndefu kuliko mtu, ncha zake zimekunjwa juu. Kando yake zililala snoubodi, zile mbao pana ambazo mtu husimama juu ya moja kwa miguu yote miwili akaserereka nayo thelujini. Klabu moja ya zamani ya michezo ya theluji ya Canberra, huku Australia, ilikuwa inafunga milango, ikatangaza kuwa vifaa vyake vyote ni bure kwa atakayekuja kuvichukua. Waceke, muuguzi Mkenya wa Merrylands, Sydney, ambaye hawezi kusikia neno "bure" akabaki ameketi, aliinua simu kabla wenzake hawajamaliza kusoma tangazo. Na aliyetumwa kuvifuata, kwa pikapu mpya ya umeme ya Waceke, alikuwa Dévote, huyo Mama Ineza, pamoja na mumewe Salvator.

Dévote alikuwa ametandika vitenge vyake vikuukuu kati ya ubao na ubao visikwaruzane, kisha akazungusha mipira aliyoichana kutoka kwenye tyubu za baiskeli. Mikanda ya dukani ilikuwepo, imekunjwa nyuma ya kiti, na aliifunga pia juu ya ile mipira ili Waceke asije akasema. Lakini mtu aliyekulia kambi ya wakimbizi Kigoma anaamini mpira. Alipomaliza, aliutikisa mzigo wote kwa bega, na gari zima likatikisika pamoja nao.

Sasa nikwambie kilichokuwa mezani siku hiyo. Waceke na kamati yake walikuwa wamepanga kuwapeleka watoto wa jamii yetu milimani, wakaione theluji kwa macho yao badala ya kuishia kuisikia tu kwa wenzao shuleni. Basi lingeondoka kesho yake alfajiri. Fundi wa kurekebisha vibanio vya skii, vile vinavyoshika buti la mtoto kulingana na uzito wake, alikuwa anawangoja uwanja wa kanisa mpaka saa kumi jioni, basi. Akiondoka kabla vifaa havijafika, hakuna mtoto atakayeruhusiwa kuvaa kitu mguuni. Na Waceke alikuwa anatafuta dereva wa msimu mzima. Wanaume wa kamati walipolisikia jina la Dévote walikohoa. Mmoja akasema wazi kwamba kulala nyumba moja na dereva hakumfanyi mtu awe dereva.

"Aniletee vifaa kabla ya fundi kufunga sanduku," Waceke aliwajibu, "na usukani ni wake. Asipofika, mtanichagulia nyinyi."

Dévote aliutaka usukani ule, jamani. Miaka kumi na mmoja alikuwa akitoka Rooty Hill kwa treni mpaka Campbelltown, mwendo wa kusinzia na kuamka, kwenda kuwageuza wazee vitandani katika nyumba ya kuwatunzia. Aliwapenda wazee wake. Aliwajua nani anataka mto chini ya goti na nani anataka aimbiwe wakati wa kuoshwa. Lakini mgongo wake ulikuwa umeanza kumwamsha kabla ya saa ya kuamka, na hakumwambia mtu isipokuwa Salvator, ambaye alijua hata kabla hajaambiwa.

Salvator mwenyewe ndiye aliyekuwa dereva. Kule kambini aliendesha lori la unga. Msimu mmoja wa mvua njia ziliharibika, dizeli ikaadimika, na watu wakalala na maji ya moto tumboni. Salvator alilileta lori kwa ujanja wake. Kila mteremko aliweka nyutro, akazima injini, akaliacha liserereke kwa uzito wake, na mlima ulipokuja ndipo akaliwasha tena. Mteremko wa mwisho ulioingia kambini aliushuka kimya kabisa. Watu hawakusikia kitu, waliinua tu macho wakaliona limesimama.

Kambini kulikuwa na desturi. Dereva hashushi mzigo. Vijana wanabeba magunia, na yeye anabaki ameketi palepale kwenye usukani mpaka aletewe chai, na chai hiyo hutolewa kwa mikono miwili. Siku ile aliyetumwa na kikombe alikuwa msichana mwembamba aitwaye Dévote, na alitetemeka mpaka nusu ya chai ikamwagikia vidoleni. Dereva akainywa nusu iliyobaki akasema hajawahi kunywa chai kamili kama hiyo. Mwongo mkubwa. Waliooana kwa uongo mdogo kama huo ni wengi, na wanaishi vizuri.

Sasa ugonjwa wa sukari ulikuwa umeyala macho ya Salvator. Daktari alimwambia asishike usukani tena, na Salvator akazirudisha funguo zake mezani. Aliona mwanga, aliona umbo la mtu, lakini namba na maandishi vilikuwa ukungu mtupu.

Waliondoka Canberra betri ikiwa haijajaa, kwa sababu soketi ya pale klabuni ilitoa umeme kwa kudondosha, kama bomba la kijijini. Kilomita za mwanzo zilikwenda vizuri. Kisha ukaja mteremko wa kwanza wa maana, na Salvator akaunusa kabla hajauona.

"Nyutro," akasema.

"Baba Ineza, Waceke alisema ukiteremka uachilie mguu tu, gari lenyewe linajirudishia chaji."

"Waceke ni muuguzi mzuri sana. Weka nyutro."

Akaweka. Tusimlaumu. Mwanamke aliyemwona mtu huyu akiwaletea unga kwa ujanja huohuo angewezaje kumbishia? Pikapu ikachukua mbio, mzigo ukaisukuma kutoka nyuma, na Dévote akakanyaga breki, akaachia, akakanyaga tena. Mteremko wa pili vilevile, na wa tatu. Salvator alikaa ametulia, mikono juu ya magoti, mtu aliyeridhika kwamba kazi inakwenda inavyotakiwa. Dévote aliitazama ile asilimia ya betri ikishuka kila mlima, na kwenye mteremko haikurudi hata kidogo.

Goulburn waliingia kuchaji. Kulikuwa na foleni ya magari ya likizo, yote yamebeba skii juu ya paa, yote yakielekea huko wao walikotoka. Zamu yao ilipofika, saa ilikuwa imeliwa. Dévote aliliachia gari linywe kidogo tu, akachomoa, wakaondoka. Akazima na kipasha joto ili kubana matumizi. Salvator akavua koti lake akamfunika mapaja bila kuulizwa.

Wakiwa karibu na Mittagong simu ikaita kwenye spika.

"Mama Ineza, mko wapi saa hii?" ilikuwa sauti ya Waceke, nyuma yake kelele za watoto. "Huyu fundi anaangalia saa kila dakika. Nimempa chapati mbili, ya tatu ataniona namhonga."

"Tunakuja, Waceke. Chaji ndiyo inanipa wasiwasi. Gari linasema kilomita themanini, na njia iliyobaki inakaribia mia."

"Ai, na hiyo milima yote mmeteremka? Si inarudisha?"

Dévote akamtupia mumewe jicho. Salvator akakohoa.

"Ama mmeweka nyutro?" akauliza Waceke polepole. "Mzee, ni wewe?"

"Mimi nimeendesha lori miaka kumi na minne," alisema Salvator. "Hakuna gari linalozaa moto."

"Sawa mzee, sibishani na wewe. Lakini mkichepuka mkachaji tena mtanipata na watoto wanalia. Mama Ineza, uamuzi ni wako." Simu ikakatika.

Mbele yao barabara ilikuwa inainama. Kutoka pale nchi yote inashuka kuelekea Sydney, mteremko baada ya mteremko, na Dévote aliujua mteremko huo wa kwanza kwa macho. Miaka yote ya ndoa alikuwa amemkatalia Salvator mambo mengi, sukari kwenye chai, ndevu, kuazima hela kwa shemeji yake. Barabarani hakuwahi kumkatalia hata mara moja.

"Weka nyutro," alisema Salvator, ila safari hii sauti yake haikuwa na uhakika wote.

"Hapana."

Akageuza uso kumtafuta.

"Baba Ineza, nakuheshimu, na unajua. Bila ile nyutro yako mimi huenda nisingefika ukubwani. Lakini lile lori lilikuwa linakula tu. Hili linakula na linarudisha, kama utaliacha lishike mteremko lenyewe. Sisi tumekuwa tunalinyang'anya mdomoni." Akaukaza usukani. "Leo usukani niko nao mimi."

Dévote akaachilia mguu, gia ikiwa palepale ilipo.

Gari likajizuia. Lilijizuia lenyewe, bila breki, kwa mvumo mwembamba chini ya sakafu, na miili yao ikaegemea mbele kidogo kwenye mikanda. Ile namba kwenye skrini, iliyokuwa ikishuka tangu asubuhi, ikasimama.

"Ngapi?" akauliza Salvator.

"Imesimama."

"Unanipa moyo tu."

"Imesimama, Baba Ineza. Sasa imepanda moja."

Yeye hakuweza kuiona. Alikaza macho kwenye skrini, akapata mwanga tu usio na umbo, akaacha. Kisha akaweka kiganja chake kifuani, pale mkanda ulipombana, akakaa hivyo akisikiliza. Mtu aliyeteremsha lori la magunia milimani miaka kumi na minne anajua tofauti ya gari linalokimbia na gari linaloshikiliwa. Waliushuka mteremko wote hivyo.

"Linavuta," alisema mwishowe. "Ego, ndiyo, linavuta. Kuna mtu ameshika kamba nyuma yetu."

"Ndilo lenyewe hilo."

"Na mimi nimekupotezea milima yote ile."

"Umenipotezea," alisema Dévote, kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu sauti yake ilikuwa ya upole haikuuma sana. "Sasa niambie kona za mbele, maana wewe unazisikia kabla yangu."

Na akamwambia, bwana. Alisikia upepo unavyobadilika ubavuni mwa mzigo akamwambia apunguze, alisikia lori kubwa likija nyuma akamwambia akae kushoto alipokaa. Dévote akaendesha polepole kuliko wote barabarani, watu wakimpita wakimkodolea macho, mama wa makamo na mlima wa skii uliofungwa kwa tyubu za baiskeli. Mguu wake ulijifunza kuomba kidogo na kurudisha kingi. Kila kilima alikipanda kwa huruma, kila bonde aliliachia gari lijaze lilichoweza. Walipopita Campbelltown hakugeuka kuangalia upande wa kazini kwake. Aliangalia namba, na namba ilikuwa bado inamtosha, ingawa kwa taabu.

Merrylands taa ya onyo ilikuwa inawaka. Geti la kanisa liko juu, kwenye barabara ndogo, na uwanja uko chini yake, kwa hiyo kilichobaki kilikuwa mteremko mmoja mfupi. Dévote akaachilia mguu. Pikapu ikashuka kimya kabisa katikati ya kelele za watoto, na hakuna aliyegeuka. Fundi alikuwa ameshavaa koti na sanduku lake limefungwa. Waceke alikuwa amemshika mkono, anamweleza jambo refu.

Ineza, binti yao, ndiye aliyeinua macho kwanza. "Mum's here," alisema, bila kupaza sauti, kama mtu anayetaja kitu alichokijua tangu asubuhi.

Fundi akatazama gari, akatazama saa yake, akavua koti.

Ndipo uwanja ukachangamka. Wale wanaume wa kamati walikuja mbio na mikono mitupu, na yule aliyesema neno lake juu ya dereva akawa wa kwanza kushika mpira, akauvuta, akashindwa kuufungua. Dévote akafungua mlango, akashusha mguu mmoja ili akamsaidie. Kule kwenye wodi ya wazee hakuna kitu kinachobebwa pasipo yeye kuweka bega, na mwili wake haukujua namna nyingine.

Mlango ukasukumwa taratibu ukamrudisha ndani. Salvator alikuwa amelizunguka gari kwa kulishikilia.

"Rudi ukae," alisema.

"Baba Ineza, mipira ile hawataiweza."

"Wataiweza. Dereva hashushi mzigo."

Akaondoka kuelekea kwenye meza ya kina mama, mkono mmoja mbele yake. Dévote alimwona akiuliza kitu, akimiminiwa, akikataa kijiko cha sukari. Akamwona akigeuka na kikombe mikononi, mikono yote miwili, na kuanza kurudi. Watoto walikuwa wanapishana na skii mabegani, na mtu mmoja akataka kumshika kiwiko, naye akatikisa kichwa. Alikuja akiitafuta ardhi kwa ncha ya kiatu kabla ya kuikanyaga. Chai ilimwagika kidogo vidoleni mwake na hakusimama. Dévote alitamani kushuka akamfuate, lakini alibaki ameketi nyuma ya usukani, kioo amekiteremsha.

Alipofika, aliinua kikombe, akakipeleka pembeni kidogo ya dirisha, pale alipodhani mkewe yupo. Dévote akasogeza mikono yake miwili mpaka kilipo.