Maji Kumi

Mkuu wa chumba cha dawa pale hospitalini walimpachika jina la Kamusi, maana neno lake halikuwa na wa kulisahihisha. Na neno lake la siku zote lilikuwa hili: "Dawa moja, maji kumi. Rudia mara tatu, umepata moja kwa elfu." Miaka ishirini wenzake wakiitikia.

Mfamasia mpya, aliyekuwa bado kwenye majaribio, hakuitikia. Dawa yenyewe ilikuwa ya watoto njiti, kali mno, lazima ipunguzwe hatua kwa hatua, na wa kutia saini kwenye lebo alikuwa yeye.

"Mzee, ni maji tisa," alisema. "Moja na tisa ndiyo kumi."

"Binti, wewe umeanza kuhesabu juzi."

Juzi! Akachukua silinda ya kupimia, akatia dawa mililita moja, akaongeza maji kumi. Ikasimama kwenye kumi na moja. Sasa hapo ubishi uko wapi? Rudia hivyo mara tatu, kila mara ukitia maji kumi kwenye moja ya mchanganyiko, hupati moja kwa elfu. Unapata moja kwa elfu moja mia tatu thelathini na moja. Karibu robo ya dawa imeliwa na maji, na kichanga hana mdomo wa kudai.

Kamusi wala hakuitazama silinda. Aligonga kidole kwenye barua ya ajira ya binti, iliyokuwa mezani ikingoja muhuri. "Tia saini, au kesho usije."

Binti akatoka nje kumpigia simu mama yake.

"Mwanangu, mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Mkono huu unawapunja watoto, mama. Siubusu."

Aliogopa, tusidanganyane. Ila hasira iliuzidi woga.

Aliporudi akakuta Kamusi ameshajaza chupa kwa maji yake kumi, na lebo inasema 1/1000. Akaibandua. Akaandika nyingine, 1/1331, akatia saini na jina lake kamili.

"Umefanya nini?"

"Si umesema nitie saini, mzee? Nimetia."

Muuguzi wa wodi akaja kuchukua, akasoma, akairudisha chupa mezani. "Daktari kaandika moja kwa elfu. Hii siipokei."

Kamusi akaikunja ile barua ya ajira. "Kesho usije," akasema.

"Kesho ni kesho," alijibu mfamasia, akavuta silinda safi, akapima maji tisa.